Kisanduku cha Tano cha Shiku

Benchi letu liko nje ya londri pale Langley Park, huku ughaibuni. Jumamosi nguo zinazunguka ndani, sisi tunazungusha maneno nje, na kahawa inatoka kwenye chupa ya Laurean. Huyo tunamwita Profesa, kwa kuwa alifundisha darasa la pili kule Bukoba miaka miwili. Kiplagat ni Spidi Gavana, kama kile kidude cha kuzuia matatu kukimbia: akianza sentensi, nguo zinakauka hajamaliza. Siku hiyo mwenzetu Kamande alikuja na fomu ya binti yake Shiku, ya kuchagua masomo ya mwaka ujao wa hai skuli. Msichana anataka akifika chuo kikuu asome fizikia na uhandisi kwa mpigo. Fomu irudi Jumatatu na sahihi ya mzazi, na Kamande alikuwa na hofu ya kweli: akikosea, amemharibia mtoto.

KAMANDE: Visanduku nane, kimoja kwa kila kipindi cha siku. Kiingereza shule ishajaza. Hizo zingine?

PROFESA: Kwetu ni PCM tu. Fizikia, kemia, hesabu. Andika, tena kwa wino.

KAMANDE: Aliniambia nitumie penseli yake.

PROFESA: Penseli! Watasema familia haijaamua.

Kamande akatoa kalamu.

SPIDI GAVANA: Pole... pole. Si ni degree mbili? Andika physics... mara mbili.

KAMANDE: Mara mbili ya nini?

SPIDI GAVANA: Moja ya sayansi, moja ya injinia. Ikipata pancha... ako na spea.

PROFESA: Umesikia huyo! Ongeza uchoraji wa ramani, na kuchomelea vyuma.

KAMANDE: Shiku? Hata mkate huunguza!

PROFESA: Ndiyo maana anahitaji somo.

KAMANDE: Imebaki hii ya tano. Imeandikwa lanchi.

PROFESA: Futa. Weka Kilatini. Sayansi yote imejaa Kilatini.

Ikafutwa. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe.

Shiku akatoka ndani na kapu la nguo zilizokunjwa. Akaichukua fomu, akaisoma mpaka chini.

SHIKU: Daddy, nitakula saa ngapi?

Profesa akachungulia ndani ya chupa ya kahawa. Spidi Gavana akakunja upya shati lililokwisha kukunjwa. Kamande aliona haya, nami nikaona haya pamoja naye.

KAMANDE: Uko na fomu ingine?

Shiku akaichomoa mfukoni, safi. Alijua baba yake anakaa na akina nani.

Kamande akaiweka juu ya goti, akatia sahihi mahali pa mzazi, visanduku vyote vikiwa vitupu, akamrudishia pamoja na penseli yake.