Picha ya Sita

Waombolezaji wote mliofika hapa Sachangwan, familia inawasomea maisha ya Hosea Kibii kwa mdomo wa dada yake, Jepkemboi, na inayasoma bila kupunguza kitu, kwa kuwa hilo ndilo sharti Mama Linah alilotoa kabla ya kuruhusu kaburi hili lichimbwe katika shamba lake.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Mzee Kimeli na Mama Linah, ambaye wakati huo bado aliona kidogo, hadi presha ya macho ilipomaliza kazi yake mwaka 1991 na kumwachia macho meupe yaliyovimba, na tangu hapo Kibii ndiye aliyemsomea barua, gazeti na lebo za dawa za ng'ombe. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi 1998, sekondari Molo hadi 2002, kisha chuo kimoja mjini Nakuru alikopata diploma ya kompyuta Novemba 2005, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika duka la uchapishaji la Bwana Jaydeep, akipanga kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, vingi vikiwa na sifa tamu kuliko hizi.

Mwaka 2010 duka lilianza kutengeneza tovuti kwa programu ile ambayo mtu huburuta picha na maandishi kwa kipanya, akavipanga kama viti sebuleni, na wengi huishia hapo, lakini Kibii alifunua hadi chini ya zulia, akahakikisha kichwa cha habari ni kichwa kweli na si maandishi yaliyonenepeshwa, ukurasa unapitika kwa kibodi pekee, na kila picha ina maelezo ambayo simu ya asiyeona itayasoma kwa sauti. Bwana Jaydeep, aliyeketi hapa mbele, alikuwa akimlalamikia, "Kibii, client anataka picha zing'ae, wewe unaniletea mambo ya vipofu," naye akamjibu, "Boss, mathe wangu pia ni client," na jibu hilo likampa sifa mji mzima. Kuanzia 2013 alifundisha kazi hiyo kila Jumamosi, na mwanafunzi aliyeandika "picha ya harusi" akanyamaza alipewa sifuri, akaagizwa aseme nani yupo na amesimama wapi.

Tarehe 13 Desemba 2014 alifunga ndoa na Sue Awuor huko Lanet, na picha kubwa ya siku hiyo imetundikwa sebuleni kwa Mama miaka kumi, ambapo Mama huwapeleka wageni kwenye kioo na kuwaonyesha kwa kidole mahali aliposimama, kulia kwa mwanawe, na wageni, wengi wenu mkiwemo, wamemwambia kwamba kweli, Mama, ulipendeza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kimutai aliyezaliwa 2016 na Chepkurui aliyezaliwa 2019, ambao walifunzwa mapema kunyamaza nyanya yao anapoonyesha kioo.

Februari 2024 Kibii alipatikana na kansa ya koo, akakonda hadi pete ya ndoa ikafungwa kwa uzi, uji ukashindwa kupita, lakini kipanya hakukiacha, na katika miezi mitatu ya mwisho alitengeneza ukurasa wa maisha yake, wenye picha kumi na moja, kila moja na maelezo yake, akamwagiza Sue aufungue kwa umma siku atakayofariki, wala si siku moja kabla. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, na kufikia saa nane mchana Mama, akiwa amezungukwa na kina mama wa kanisa, aliiambia simu ambayo marehemu mwenyewe alimnunulia na kumfunza, imsomee.

Maelezo ya picha ya sita yanasema hivi: "Harusi, Lanet. Watu ishirini na wawili wamesimama mbele ya hema. Kulia kwa bwana harusi amesimama shangazi ya bibi harusi. Mama ya bwana harusi hayupo. Wakati huo alikuwa nyuma ya hema, akilitabasamia tanki la maji, kwa sababu bwana harusi hakutaka macho yale kwenye picha."

Kamati ya mazishi ilikaa Jumatano, ikamwomba Sue abofye picha ile, afute, aandike "picha ya harusi", na hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, lakini Mama alikuwa ameshasikia mara tatu. Hakulia. Aliomba fremu ishushwe, akakipapasa kioo, akauliza ni nani siku ile aliyemshika bega na kumwambia, "Smile, Mama, photographer amefika," na Jepkemboi, anayewasomea haya, akakubali kwamba ni yeye. Maneno ya Kibii yakarudishwa, Mama akatoa sharti lake. Inauma kusema, lakini marehemu alikuwa na miaka kumi na koo zima la kumwambia mama yake, akachagua siku ambayo hangeweza kuulizwa neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta maziwa, kuni na viti, Bwana Jaydeep na wafanyakazi wenzake, na wanafunzi waliosafiri kutoka Nakuru asubuhi hii.

Pumzika kwa amani, Hosea Kibii, wanakuambia hivyo mkeo, watoto wako na dada yako, na Mama, ambaye yuko hapa na anasikia, ameomba jina lake lisiwekwe katika neno hilo.