Historia ya Marehemu Asahel Thrall na Mguu Wake wa Mti

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Wexham, nawe Mheshimiwa Jaji Wetmore uliyekalia benchi la mbele, naitwa Eliphalet, mjukuu wa marehemu, msomi wa chuo nisiye na kazi, nami familia imenipa jukumu la kusoma historia hii kabla dalali wa mahakama, anayesubiri pale mlangoni na amri mkononi, hajauchukua mguu wa mti wa babu yangu kufidia deni la dukani kwa Jaji.

Marehemu Asahel Thrall alizaliwa tarehe 14 Machi 1756, hapa hapa Wexham, Konektikati, mtoto wa nne wa fundi mapipa, akasoma shule ya kijiji misimu mitatu ya baridi, akaona inatosha, akashika kazi ya baba yake hadi Mei 1777, alipojiandikisha jeshini, katika vita dhidi ya Mwingereza, kwa ahadi ya mshahara, nguo na viatu.

Viatu havikufika. Januari 1780, kambini, mguu wake wa kushoto uliganda kwa baridi, ukakatwa chini ya goti, na mwezi uliofuata mlipaji wa kikosi akamkata mshahara bei ya viatu hivyo hivyo, eti kitabuni alishavipokea, na babu alipolalamika akajibiwa, "Wewe Thrall, wa mguu mmoja, unadai jozi ya nini?"

Akaomba fidia ya kilema, wakubwa wakasema hakujeruhiwa na adui, alijeruhiwa na baridi. Malimbikizo ya mshahara alipewa kwa karatasi za ahadi, akamuuzia Jaji Wetmore, siku hizo muuza chumvi tu, kwa sehemu moja ya nane ya thamani yake, maana shamba halipandwi karatasi, na serikali ilipokuja kuzilipa, Jaji akajenga ile nyumba ya matofali mtakayoipita mkienda makaburini.

Tarehe 6 Novemba 1784 alifunga ndoa na bibi yetu Mindwell Loomis, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Thankful, na mjomba Joel aliyetutangulia mwaka 1813.

Mwaka 1818 serikali ikakumbuka kwamba ina wazee, ikampa pensheni, na miaka miwili baadaye ikaisimamisha, ikamtaka athibitishe ufukara wake mahakamani, in forma pauperis, yaani kwa hali ya fukara, kama tulivyokaririshwa chuoni, ataje mali yake yote mbele ya majirani, isipokuwa nguo na matandiko. Akataja ng'ombe, sufuria, viti viwili. Karani akauliza, "Na huo mguu, mzee?"

"Weka kwenye nguo, mwanangu, nauvaa kila asubuhi."

Watu wakacheka, nanyi wengine mliocheka mko humu. Jaji hakucheka, akasema, "Nguo haigongi sakafu. Hiyo ni samani. Senti hamsini." Ikaandikwa, babu akaonekana fukara wa kutosha, akarudishiwa pensheni, na samani yake akaondoka nayo, ikigonga sakafu mpaka nje.

Oktoba 1823 alianza kuvimba kwa maji mwilini, akafariki tarehe 9 Februari 1824, alfajiri, na pensheni ikafa naye saa ile ile, deni likabaki hai, na kwa kuwa mguu uliandikwa mali, mahakama inaudai pamoja na sufuria. Bibi amesema neno moja tu, "Alikuja kunioa akitembea, ataondoka akitembea."

Tunamshukuru daktari Pruitt, ambaye hakudai kitu, majirani walioleta kuni na mikate ya mahindi, mafundi mapipa wenzake waliochonga jeneza, na Jaji Wetmore tunamshukuru kwa kuja, kwa kuwa angeweza kutuma mtu tu.

Ndugu dalali, sufuria iko jikoni, kachukue. Jeneza limepigiliwa misumari tangu asubuhi, nami nilishika nyundo, na aliyemo amevaa kamili. Anayetaka samani yake aifuate huko anakoshuka nayo.

Lala salama, babu, kwa miguu yote miwili.