Hema na Kuhema

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa nyumba ya Kinyozi, kati ya mlango wa duka lake la kunyolea na kibanda changu cha kushonea viatu, na anayekaa upande wa tofali ajue kabisa kwamba mwenzake akiinuka ghafla, yeye yuko chini. Wakaaji wa kudumu tuko wanne. Kuna Redio, muuza kahawa, ambaye birika lake hupoa lakini mdomo haupoi. Vikombe vyake huvitundika kwenye misumari ya zile mbao zilizopigiliwa ukutani juu ya vichwa vyetu, kama mwenye kabati. Kuna Bima, mstaafu wa ofisi ya bima, ambaye mpaka leo akitazama kitu anaona kitakavyoungua. Kuna Kinyozi mwenyewe, anayeishi na mkewe na binti yao wa miaka minane vyumba vilivyopakana na duka. Na mimi, Fundi Viatu. Mimi upuuzi siupendi, lakini nifanyeje, kibanda changu kiko hapo hapo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa hapa.

Siku hiyo alasiri Kinyozi alitoka dukani na kitambaa cha kunyolea bado kiko begani, akakaa upande wa tofali bila hata kuangalia. Nikajua kuna jambo. Asubuhi alikuwa amemnyoa mtu ndevu upande mmoja akamwambia karibu tena.

Kinyozi: Jamani, nisaidieni. Naogopa.

Redio: Unaogopa nini? Mama mkwe anakuja?

Kinyozi: Hema.

Tukacheka. Yeye hakucheka, akapokea kikombe akakikumbatia kwa mikono miwili bila kunywa. Tukaacha kucheka.

Kinyozi: Shule ya mtoto imepanga kambi. Jumamosi, wazazi na watoto wao, kulala kando ya ziwa, kila familia na hema lake. Mwenye duka la maturubai amenitengea mawili, ameniambia nichague kabla hajafunga leo. Moja la kijani, zito, turubai tupu, halipitishi hata inzi. Jingine la bluu, jepesi, kuta zake mbili ni wavu, mvua ikija unateremsha kitambaa.

Mimi: Sasa cha kuogopa hapo ni nini? Rangi?

Kinyozi: Mtoto ana pumu, Fundi. Si unajua.

Najua. Mtaa mzima tunajua. Nikajiona mjinga, nikavuta kiatu nikaanza kukishona mahali ambapo hakikuchanika.

Kinyozi: Zamani ilikuwa inambana mara moja moja, wakati wa vumbi. Tangu mvua zile za mwisho, karibu kila wiki, tena usiku. Naamka namkuta ameketi kitandani, mabega yamepanda mpaka masikioni, ananitazama. Haniiti, maana hana pumzi ya kuniitia. Ananitazama tu. Hapa dawa iko mezani, hospitali ng'ambo ya barabara. Huko ziwani nitakimbilia wapi na giza lile?

Redio: Mama yake anasemaje?

Kinyozi: Anasema daktari ameruhusu, dawa zitakuwa mfukoni mwake. Nikamwambia labda tusiende. Akaniambia, "Mume wangu, nimekutuma uchague hema. Sikukutuma uchague kama tunakwenda." Na mtoto ameshafunga begi. Analala nalo miguuni, ukiligusa tu anaamka.

Bima akasafisha miwani yake. Akisafisha miwani, ujue kuna nyumba ya mtu inakaribia kuteketea.

Bima: La kijani. Wala halina mjadala. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mimi: Bima, nimekuambia mara ngapi? Kinga hapo si kujikinga. Ni kijinga cha moto. Vijinga viwili vikikutana, moto unawaka. Wewe unaitumia kinyumenyume.

Bima: Nimewaambia wateja methali hiyo maisha yangu yote ya kazi, hakuna aliyenibishia.

Redio: Walikuwa wanangoja fidia, wakubishie wa nini?

Bima: Cheka tu. Lakini baba mwenye akili timamu anamlazaje mwanawe ndani ya wavu? Kwani ni samaki? Upepo utapita, mbu atapita, nyoka atasimama pale nje anachungulia.

Redio: Nyoka hachungulii, ndugu yangu. Nyoka anaingia. Binamu wa mteja wangu mmoja alilala kwenye hema na mkewe. Usiku akahisi mkewe kamwekea mguu wa baridi tumboni. Akamhurumia, akauvuta ule mguu aufunike. Mguu ukaja. Akavuta tena, ukaendelea kuja. Akavuta, mguu haufiki mwisho.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

Mimi: Redio, wewe binamu wa wateja wako wote wamekufa. Mbona wateja hawaishi?

Redio: Huyu hakufa. Hasemi tu, tangu siku hiyo.

Nilitaka kumjibu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinua miguu yangu kutoka chini ya benchi bila kujitambua.

Bima: Umesikia mwenyewe? Na hapo hatujataja hewa ya usiku. Ziwa likipoa linatoa ukungu. Ukungu ule unatambaa chini chini, unatafuta kifua cha kuingia. Kifua cha mtu mzima unakipita, unajua hapo pana sigara na kelele. Unatafuta kidogo.

Kinyozi: Basi la kijani.

Redio: Ngoja kwanza, usikimbilie. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mimi: Hiyo nayo inaingiaje hapa?

Redio: Si wanakwenda kulalia mikeka? Sasa nisikilizeni. Hilo la kijani ndilo linanitisha zaidi. Hamjajiuliza kwa nini linaitwa hema?

Bima: Kwa nini?

Redio: Hema. Kuhema. Aliyelipa jina alikuwa ndani, akatoka mbio anahema, wakamuuliza ni kitu gani hicho, hana pumzi ya kujibu, anasema tu, "Hema! Hema!"

Siku nyingine ningemrushia soli. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kinyozi alilirudia lile neno polepole, mdomo ukicheza bila sauti.

Kinyozi: Kwa hiyo likifungwa...

Redio: Likifungwa, hewa iliyomo ndiyo hiyo hiyo. Mtu tatu mnakula sufuria moja. Sasa kwenye sufuria nani anashiba? Mwenye kijiko kikubwa. Wewe una kifua kama kabati, ukivuta pumzi moja umechota upawa. Mama yake naye anachota. Mtoto na pumu yake ana kijiko cha chai. Anachota kidogo, anachota kidogo, akirudi sufuria imekwisha.

Kinyozi: Unataka kusema mimi, usingizini, naweza kumla mwanangu pumzi?

Redio: Mimi sisemi. Nauza kahawa tu.

Kinyozi akafunika uso kwa kile kitambaa cha kunyolea. Nywele za wateja zikambakia kwenye paji la uso, hakuzipangusa. Nimemjua mtu huyu tangu hajaoa, nimemwona akitenganisha watu wenye visu, sijawahi kumwona vile.

Mimi: Redio, funga huo mdomo. Unamuua mwenzio.

Bima: Dawa yake rahisi. La kijani lichukuliwe, na baba alale nje, avute hewa yake mwenyewe huko huko.

Redio: Nje kuna ule mguu.

Bima: Basi amfunge mtoto kamba mkononi, mwisho wa kamba uwe kwake. Mtoto akibanwa, anavuta.

Redio: Na akivuta mguu?

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mgeni, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, mkanda umekatika. Akaniuliza kama inashoneka. Nikamwambia inashoneka, aketi. Redio akatungua kikombe kutoka kwenye msumari, akamimina.

Redio: Karibu mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akaketi kwenye kigoda changu, akanywa kahawa yake, akawa anasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, bila kuingilia.

Bima: Mimi nasema neno moja la mwisho. Kati ya hema la kijani na la bluu, chagua kitanda chake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwache alie Jumamosi, Jumapili amesahau. Ni lini tumekushauri vibaya? Mwizi alipokuwa anazunguka mtaa huu, si sisi tuliokuambia la kufanya? Mwizi aliingia?

Kinyozi: Hakuingia.

Bima: Basi.

Redio: Na baridi ya zile mvua, iliingia?

Kinyozi: Haikuingia.

Redio: Basi.

Kinyozi akainuka. Benchi likainama, Bima akashika ukuta.

Kinyozi: Basi hatuendi. Nampigia mwenye duka ayauze yote mawili. Halafu naingia ndani nimwambie mtoto afungue begi. Sijui nitamwambiaje. Afadhali anichukie. Akinichukia atakuwa anapumua.

Akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba. Nikainamia ile kandambili, maana sikutaka kumtazama. Moyoni nilikuwa namuonea huruma, na zaidi ya huruma nilikuwa naogopa pamoja naye. Nilimfikiria yule mtoto kando ya ziwa, mabega juu, na sisi tumekaa hapa tunakunywa kahawa.

Mgeni: Samahani, baba wa mtoto. Naweza kuuliza?

Kinyozi: Uliza tu, mama.

Mgeni: Mimi mama mkwe wangu naye ana pumu. Usiku ikimbana tunamsogeza dirishani, tunafungua, anatulia kidogo huku tunatafuta dawa. Huyu wako, dirisha lake liko upande gani?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Mtu angejibu kulia, kushoto, barabarani, uani, maisha yakaendelea.

Kinyozi akamtazama Bima. Bima akamtazama Redio. Redio, yule anayejua mpaka ndoto za jirani, akaanza kukoroga birika lisilo na sukari.

Mgeni: Au nimeuliza vibaya?

Taratibu Kinyozi aliinua macho juu ya vichwa vyetu, pale vinapotundikwa vikombe. Na sisi tukageuka, mmoja mmoja, tukatazama alipotazama.

Mbao tano. Tumekaa chini yake tangu msimu wa mvua. Bima ndiye aliyesema zipigiliwe, kwa ajili ya mwizi. Redio ndiye aliyesema kabla ya mbao iwekwe nailoni, kwa ajili ya baridi, akaileta mwenyewe. Nyundo ilitoka kibandani kwangu. Halafu tukaweka benchi, tukatundika vikombe, tukasahau kwamba upande wa pili wa ule ukuta kuna kitanda cha mtoto, na kwamba lile ni dirisha lake, na kwamba hana jingine.

Kinga juu ya kinga juu ya kinga. Miaka yote nimemsahihisha Bima ile methali, kumbe yeye na wahenga walikuwa wanasema kitu kimoja.

Redio: Lakini baridi ilikuwa...

Mimi: Redio.

Akaweka birika chini. Kinyozi bado alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu sauti ya mwenye duka ilikuwa inasema haloo, haloo. Akaizima. Uso wake sikuweza kuutazama.

Kinyozi: Fundi, niazime koleo.

Nikampa. Akapanda juu ya benchi, upande wa tofali, na Bima akaushika ule upande kwa mikono yote miwili bila kuambiwa. Redio akaanza kutungua vikombe, kimoja kimoja, akavipanga chini kwenye vumbi, hakutafuta hata gazeti la kutandika. Msumari wa kwanza uligoma, ukapiga kelele, ukatoka. Ubao wa kwanza ukaanguka, ukafuata wa pili. Nyuma yake nailoni ilikuwa imejaa matone ya maji kwa ndani, na chini, kwenye kona, weusi wa ukungu umepanda ukuta. Kinyozi aliutazama ule weusi muda mrefu. Kisha akaitoboa nailoni kwa mdomo wa koleo, akaichana mpaka chini.

Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya nguo zilizokunjwa mbichi. Yule mama mgeni aliziba pua, kisha kwa adabu akaondoa mkono.

Uso wa mtoto ukatokea. Alikuwa amepanda kitandani na sare ya shule, begi amelishika kifuani, anafinya macho kwa mwanga. Akatutazama wote, akavitazama vikombe vilivyo chini, akamtazama baba yake aliyesimama juu ya benchi.

"Baba, mbona unabomoa nyumba?"

"Sibomoi, mwanangu," Kinyozi akasema. "Nachagua hema."

"Lipi?"

Kinyozi alisimama pale anahema, mabega yamepanda mpaka masikioni.

Mtoto alimtazama kidogo. Akaweka begi chini, akapenyeza mkono kwenye pengo la mbao, akaupitisha juu ya bega la baba yake, akaanza kumsugua mgongo, polepole, kama anavyosuguliwa yeye usiku.

"Usiogope, Baba," akamwambia. "Vuta kidogo kidogo. Inapita."