Neno la Mlangoni kwa Kituku

Kijiwe chetu kiko karibu na lango la shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi, na mwenye dele la kahawa ni mimi. Mwaka ni sitini na tano, mgomo umepamba moto. Leo mlango wa Kituku, mkata mkonge, umekutwa umeandikwa kwa lami: BLACKLEG. Wagomaji wameapa kupita jioni, na nyumba yenye alama itachomwa. Kituku amekaa pembeni, kikombe mkononi. Mwenye Kizungu hapa ni mmoja tu, Obadiah wa Bura, tunayemwita Kamusi kwa kuwa ndiye anayetusomea gazeti.

— Kamusi, hebu tufafanulie, akasema Breki, mzee wa reli. Eti mguu mweusi! Kwani sisi yetu ni rangi gani?

— Ni msaliti, Breki. Anayeingia kazini wenzake wakigoma. Asili yake ni ugonjwa wa ng'ombe huko Uingereza. Ndama anavimba mguu, kesho boma lote limekwisha.

— Wapi! Mzungu mmoja wa reli aliniambia ni matapeli wa kamari za farasi. Walivaa buti nyeusi.

— Hao ni wengine. Kuna wachimba makaa ya mawe. Msaliti alinawa uso, akasahau miguu iliyojaa vumbi la makaa. Wenzake wakamngoja njiani, wakampandisha suruali.

Breki akamgeukia Kituku.

— Basi pandisha tuone.

Hakuna aliyecheka. Kituku akaweka kikombe chini, akapandisha. Tukaona makovu ya miiba ya mkonge, kama ya wakataji wote.

— Sijakata hata jani moja, akasema. Nilienda kuwasha pampu. Maji si mnakunywa ninyi? Hata hiyo kahawa!

— Ugonjwa huanza na mguu mmoja, akasema Kamusi.

Nilitamani kummwagia dele zima.

Ndipo akaja Syombua, mke wa Kituku, na kitambaa mkononi, vidole vyote lami tupu.

— Nimesugua mpaka nimechoka, halitoki, na jua ndilo hilo linashuka. Wazee, nasikia mmelifuata hilo neno mpaka Uingereza. Haya, kutoka hapa kijiweni mpaka mlangoni kwangu, nani amelileta?

Breki akatazama reli. Mimi nikachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Kamusi akaninyooshea kikombe nimwongeze. Sikumwongeza.