Mashua Zilizofungwa Kamba

Ndugu zangu, mwaka 2015 nilitoka mji wa Louisville, hapa hapa Marekani, asubuhi moja bila kujua niendako. Kosa la wenzangu niliokaa nao? Walinyamaza nilipoingia jikoni. Nikasema, hawa wana jambo. Kule Columbus, familia moja ikanipokea vizuri, hadi baba wa nyumba aliponiuliza nilizaliwa kijiji gani. Nikawaza, huyu ametumwa na nani? Kesho yake nikapanda basi la Buffalo.

Mnacheka, lakini tuliotoka Kivu wakati wa vita tunajua swali kama lile liliwafikisha wengine wapi.

Hapa Buffalo, mtaa huu wa East Side, mama mmoja akanipa chumba. Yumo humu kati yenu, jina silitaji. Begi langu nililiacha mlangoni, limefungwa. Ukutani palikuwa na picha ndogo ya mistari myeusi: mashua tatu juu ya mchanga, na hakuna mtu. Sisi wa ziwani, ukikuta mashua ufukoni bila watu, huulizi, unakimbia. Nikaigeuza uso ukutani. Siku ya pili nikaishusha, nikaanza kung'oa misumari ya nyuma. Mama akasimama mlangoni.

"Weye baba, unatafuta nini?"

"Kamera."

"Ya kukuangalia ukilala? Una kitu gani cha kuangaliwa?" Akacheka, akageuka. "Bon, tafuta. Ukimaliza kuja ukule, ugali inapoa."

Nyuma palikuwa na karatasi tupu. Shule niliiacha mapema, lakini kila kitu nataka kujua kimetengenezwaje. Nikamwuliza. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee; bibi mmoja kati yao ndiye aliyempa, akamweleza kwamba mchoraji hukwaruza bamba la shaba kwa sindano, halafu hupaka wino na kugandamiza karatasi.

Kwa sindano! Nikaisogeza dirishani nione. Ndipo nikaona makasia yamelazwa ndani ya mashua, yamepangwa. Kila mashua ina kamba, na kamba imezungushwa kwenye kigingi mara mbili. Ndugu zangu, nawaambia, anayekimbia hafungi kamba mara mbili. Wenye mashua walikwenda nyumbani kula.

Nikaitundika, uso mbele, nikaenda kula ugali uliopoa. Kisha nikafungua begi.

Baadaye nilipiga simu. Wa Louisville walikuwa wakichangiana kuninunulia koti la baridi. Yule baba wa Columbus, mkewe alizaliwa ng'ambo ya mto wetu. Nawashukuru wote, na wewe mama uliyecheka badala ya kunifukuza.

Sijapona kabisa. Mkinong'ona hapo nyuma, nitageuka. Ila siku hizi, kabla sijakimbia, natazama kamba kwanza.