Mgeni Aliyepewa Karai

Kwenye basi, mbele yangu walikaa wanaume wawili: mlinzi wa jengo linalojengwa, bado na sare yake, na fundi rangi mwenye madoa hadi kwenye nyusi.

"Yule fundi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi amevunjika nyonga, na mkandarasi anamkana," mlinzi alisema. "Anasema kitabu cha getini kinamtaja kama mgeni, si mfanyakazi wake."

"Nani aliandika hivyo?"

"Mimi, kaka. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Nikaandika 'mgeni', maana si alikuwa mgeni?"

Kwa Kiswahili changu, hakukosea.

Fundi rangi akafoka. "Mgeni gani anakaribishwa kwa karai la zege badala ya kiti? Na jukwaa lile halikuwa na hata kizuizi! Waambie!"

"Nimewaambia. Wananijibu kwamba mwandiko ni wangu."

Mwandiko ulikuwa wa mlinzi kweli.

Basi likasimama hospitali. Mlinzi akashuka na kimfuko cha machungwa. Pale getini mlinzi mwenzake wa hospitali akamsukumia kitabu cha wageni. Akashika kalamu, akabaki ameiinamia ile karatasi, haandiki.