Herufi Zinamkimbia Bi Barke

BARKE: Haloo? Nani mwenzangu?

WARDAH: Salaam aleikum, wifi. Mimi Wardah, wa Likoni. Kwani jina halikutokea kwenye simu?

BARKE: Waaleikum salaam. Limetokea. Yametokea mawili, yakimbizana.

WARDAH: Makubwa. Macho hayo bado?

BARKE: Bado nini, yamezidi. Nikifungua msahafu, mstari wa kwanza watulia, wa pili waupanda wa kwanza mgongoni. Machozi yanitoka, kichwa chagonga hapa— [simu inakwaruza]

WARDAH: Hapa wapi?

BARKE: Hapa, kwenye paji.

WARDAH: Sasa wanionyesha kidole kwa simu? Haya. Na dawa watumia?

BARKE: Nala karoti. Jirani yangu Mwende kaniletea mfuko mzima, asema zasaidia macho. Nimezitafuna mpaka meno nayo yataka kuugua.

WARDAH: [anacheka] Wallahi ukimaliza eda utatoka mlangoni unarukaruka kama sungura.

BARKE: Cheka tu. Mie nashuku ni kijicho. Siku za matanga walikuja wengi, na wengine nawajua wanavyotazama watu.

WARDAH: Kijicho cha nini? Nani amhusudu mjane, ndani ya eda, hapo Mtopanga?

BARKE: Basi ni uzee.

WARDAH: Nenda kwa daktari wa macho. Mgonjwa aruhusiwa kutoka hata akiwa edani, sheikh alikwambia—

BARKE: Naogopa.

WARDAH: Waogopa nini?

BARKE: Aniambie napofuka. Eda yaisha Ijumaa, na khitma ya nduguyo, msahafu mzima wa kumsomea, nimekwama nayo njiani. Nilimwahidi, Wardah. Alinishika mkono pale kitandani akasema, "Nikhitimie wewe mwenyewe, usigawe juzuu kwa watu wakaja wakaruka kurasa."

WARDAH: Ndiye kakangu huyo, Sheikhan mtupu. Lakini kama umekwama, niletee mimi nimalizie, mimi ni dadake—

BARKE: Wewe ulitajwa kwa jina.

WARDAH: Niliruka ukurasa mmoja tu. Na nilikuwa na homa.

BARKE: Aliujua ukurasa wenyewe. Ngoja nipanguse machozi. Na hiki kiuzi nacho chanitekenya sikio tangu asubuhi.

WARDAH: Kiuzi gani?

BARKE: Cha miwani.

WARDAH: Miwani yako haina uzi, wifi. Tulikwenda kuinunua pamoja kule Nyali, ukasumbua watu wa duka mpaka wakakutolea yenye fremu ya dhahabu.

BARKE: Hmm.

WARDAH: Mwenye miwani ya kufunga uzi nyumba hiyo alikuwa mmoja.

BARKE: [simu inakwaruza]

WARDAH: Wifi?

BARKE: Nipo.

WARDAH: Tangu lini?

BARKE: Tangu arubaini. Nilipanga vitu vyake, nikaikuta chini ya mto. Nikasema niivae kidogo tu.

WARDAH: Kakangu bila miwani ile alikuwa hatofautishi mbuzi na pikipiki. Wewe ndiyo wasomea msahafu?

BARKE: Ina mafuta yake ya nywele bado. Hapo pembeni.

WARDAH: Yako iko wapi?

BARKE: Kabatini.

WARDAH: Ichukue. Nasubiri, lakini salio langu dogo, usitembee kama bi harusi.

BARKE: [mlango wa kabati unalia] Haya, nimevaa.

WARDAH: Soma.

BARKE: Bismillahi— Herufi zimetulia. Wardah, zimetulia zote.

WARDAH: Alhamdulillahi. Karoti mrudishie Mwende.

BARKE: Khitma nitaimaliza, inshallah. Naona mpaka ufa wa ukutani. Naona—

WARDAH: Waona nini? Wifi, mbona umenyamaza?

BARKE: Kiti chake. Kwa miwani ile nyengine kilikuwa chaonekana kama kina mtu.

WARDAH: Kesho navuka na feri ya asubuhi. Nitakikalia mimi, wewe usome.

BARKE: Kitavunjika, na unene huo.

WARDAH: Kivunjike. Wifi, salio laisha, usi—

BARKE: Njoo mapema. Haloo? Wardah? Uje mapema.